Mjadala: Je, ni kweli kwamba Bongo Fleva ndiyo iliyoidhoofisha hip hop ya Dar es Salaam?

MTOA HOJA

Ndugu zangu, kila unapozungumzwa muziki wa kuchana, yaani kurap, katika jiji la Dar es Salaam, husikika dai kwamba hip hop yenye ujumbe iliuawa na Bongo Fleva: nyimbo za mapenzi zilipopata soko, wachanaji wakakosa pa kusimama. Nalipinga dai hilo, na naomba tulijadili kwa kina, kwa sababu lawama ikielekezwa pasipo, wanaostahili kuulizwa wataendelea kunyamaza.

Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza kwa kuchana kwa Kiswahili juu ya mdundo wa rapa wa Marekani Vanilla Ice, wakati ambapo vijana wengi wa Upanga na Oysterbay, waliokuwa wakiletewa kanda na ndugu zao kutoka ughaibuni, walikuwa bado wakichana kwa Kiingereza. Kwanza Unit, kundi lililoundwa mwaka 1993, lilitumia lugha zote mbili. Kisha akaja 2-Proud, ambaye leo tunamfahamu kama Sugu, akayasimulia maisha ya kijana asiye na kazi kwa maneno ambayo mama muuza vitumbua wa Temeke aliyaelewa mara moja. Hard Blasters walipotoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000, na mwenzao Professor Jay alipowaigiza wanasiasa wenye ahadi tele katika "Ndio Mzee" mwaka uliofuata, hata wazee waliokuwa wakiuita muziki huu wa kihuni walianza kutega sikio. Sugu, Hard Blasters na Professor Jay walipigwa redioni kama wasanii wa Bongo Fleva. Juma Nature, kijana wa Temeke aliyerekodi studio ya Bongo Records chini ya mtayarishaji P Funk Majani, aliimba na kuchana katika wimbo huohuo, na sioni mchanaji "mgumu" aliyeieleza shida ya uswahilini kwa uchungu kumzidi. Kwa hiyo kuimba hakujawahi kuwa adui wa ujumbe.

Adui tumtafute kwenye njia ya kumfikia msikilizaji. Redio binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, zilikuwa chache, na watangazaji wachache ndio walioamua jiji lisikie nini. Upande wa mauzo hali ilikuwa mbaya zaidi. Msanii alipeleka kazi yake kwa msambazaji wa Kariakoo, akalipwa fedha ya mkupuo, na tangu hapo hakuwa na namna ya kujua zimetoka kanda ngapi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwepo, lakini haikumpa jicho la kuona ndani ya ghala. Stempu za kodi za kazi za muziki na filamu zilikuja mwaka 2013, wakati wanunuzi wengi walikwisha kuhamia kwenye kadi za kumbukumbu za simu. Kanda ilipokosa kumlisha msanii, kilichobaki kilikuwa matamasha, harusi na matangazo ya kampuni. Mwimbaji wa mapenzi aliweza kuishi humo. Yule anayechana kuhusu rushwa na bei ya unga ni kampuni gani ingemwalika apande jukwaani chini ya nembo yake?

Kisha kuna vyombo vya dola. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", nalo Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia, hadi Rais Magufuli alipoagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia, mimi nilihuzunika, kwa sababu uhuru unaotegemea hisani ya mtu mmoja unaweza kuondolewa na mtu huyohuyo. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili, Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio ya Tongwe Records humuhumu jijini, wakaonekana siku kadhaa baadaye wakiwa na majeraha. Kijana aliyekuwa akiandika mistari chumbani kwake Mbagala mwaka ule alijifunza nini?

MCHANGIAJI

Dada yangu, nakuheshimu kwa kuleta historia badala ya matusi, lakini hoja yako inawapa wachanaji msamaha wasioustahili. Itazame singeli, muziki wa mdundo wa kasi. Ilikulia Manzese, Tandale na mitaa mingine ya uswahilini, ikarithi mchiriku, muziki wa mtaani wa kabla yake, ikapigwa kwenye vigodoro, yaani sherehe za usiku za mtaani, na kurushwa kutoka simu hadi simu, na kwa muda mrefu redio kubwa hazikutaka hata kuisikia. Hakuna aliyeifungulia mlango, na leo inapigwa kila mahali. Ikiwa mlango uliofungwa ndio sababu, kwa nini singeli ilipita?

Ninavyoona mimi, hip hop ya Dar iliuacha mtaa. Wachanaji walianza kuchaniana wao kwa wao, wakishindana kwa vina ambavyo mama yako muuza vitumbua asingevifumbua hata kwa saa nzima, kisha wakamlaumu kwa kutowasikiliza. Darassa alipotoa "Muziki" mwaka 2016 alipendwa nchi nzima huku akichana, kwa sababu alizungumza na watu. Na usisahau kwamba Sugu aliingia bungeni mwaka 2010, Professor Jay mwaka 2015, na MwanaFA mwaka 2020, kisha mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri anayeshughulikia sanaa hizihizi. Watu waliokosa pa kusemea hawafiki huko.

MTOA HOJA

Kaka yangu, la singeli nalikubali kwa sehemu, na limenifanya niiseme hoja yangu kwa usahihi zaidi. Singeli ilipita kwa sababu ilikuwa na jukwaa lake ambalo halikuhitaji ruhusa ya mtangazaji: kigodoro, shughuli ya mtaani, spika zilizokodiwa na wanawake wa mtaa kwa fedha zao wenyewe. Hip hop haikujijengea jukwaa la namna hiyo kwa upana huo. Tamaduni Muzik, kundi la wachanaji, walijaribu. Kina Nikki Mbishi, Nash MC na One the Incredible walikutanisha vijana kwa mitindo huru (freestyle) na kuuza kazi zao mkononi bila kumsubiri msambazaji, na ndiyo maana wasikilizaji wao wamebaki waaminifu. Unalosema kuhusu vina vya kuonyeshana ubingwa ni kweli kwa baadhi yao, ila Nash MC huwezi kumshitaki kwa Kiswahili kisichoeleweka.

La wabunge silikubali. Waliofika bungeni wote walijijengea majina kabla ya mwaka 2005, enzi ambazo wimbo wa kuikosoa Serikali ulipigwa mchana kweupe na mwenye wimbo akalala kwake. Nitajie mchanaji mmoja wa Dar aliyejulikana baada ya mwaka 2017 kwa nyimbo za kuwauliza viongozi maswali, na ambaye redio kubwa zinampiga bila woga. Ukimpata, nitaiondoa nusu ya hoja yangu hapahapa. Usipompata, basi naomba wewe na wengine mnaochangia mniambie tuanzie wapi: kwenye kanuni za BASATA, kwenye mirabaha ya redio, yaani malipo ya msanii wimbo wake unapopigwa, au kwenye kujenga majukwaa ya mitaani tuliyochelewa kuyajenga?