Hita inapuliza hewa baridi tupu Nakuru hadi Timboroa: naomba ushauri

Mwenye gari, Nakuru

Ndugu madereva na mafundi, hamjambo. Kila mwezi humpeleka mama yangu kliniki mjini Eldoret, na ili tuwahi foleni hutulazimu kuondoka Nakuru saa kumi alfajiri. Tukishapita Mau Summit na kuanza kuukwea mlima wa Timboroa, ambako mwinuko unapita mita 2,700, kioo cha mbele hufunga ukungu na miguu hufa ganzi. Nikiwasha hita, feni hupuliza kwa nguvu zote lakini hewa inayotoka ni baridi kama ya nje, hata mama siku hizi hubeba blanketi bila kuniuliza.

Gari ni dogo, la petroli, injini ya sisi 1500. Jambo jingine ni kwamba ile taa ya buluu inayoonyesha injini bado baridi hukawia sana kuzimika, na wakati mwingine huwaka tena tukiteremka kuelekea Burnt Forest. Fundi mmoja hapa mjini ameniambia dashibodi yote ing'olewe. Kabla sijakubali, naomba mawazo yenu.

Dereva wa Molo

Pole, ndugu yangu, baridi ya huko naijua. Anza na lililo rahisi: injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta utazame kama maji yamejaa hadi shingoni. Usiiamini chupa ya akiba peke yake, kwa maana inaweza kuonekana imejaa ilhali rejeta ina upungufu. Maji yakipungua, hita huwa ya kwanza kulalamika. Tena usithubutu kukifungua kifuniko hicho injini ikiwa moto, maana maji yaliyobanwa humo yatakurukia usoni.

Fundi, Kisumu

Dashibodi iache mahali pake kwanza. Hita ya gari lako haina moto wake yenyewe. Inaazima joto la injini. Maji ya moto hupita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya dashibodi, na feni hupuliza hewa juu yake. Fungua boneti injini ikishapata moto, uguse kwa uangalifu mipira miwili inayoingia kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na abiria. Ikiwa yote miwili ni ya moto sana, tatizo ni kebo au kilango cha kuchanganya hewa. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili vuguvugu, rejeta ndogo imeziba kwa kutu. Yote miwili ikiwa vuguvugu, maji yenyewe hayajapata moto, au hayazunguki ipasavyo kwa sababu yamepungua au kuna hewa iliyonaswa.

Hata hivyo, maelezo yako kuhusu taa ya buluu yananipa shaka moja. Je, kuna fundi aliyewahi kukutolea themostati?

Mwenye gari, Nakuru

Maji yamejaa. Mipira yote miwili ni vuguvugu baada ya mwendo wa nusu saa. Kuhusu themostati, naam: mwaka jana injini ilichemka, na fundi akaitoa akisema kifaa hicho ni cha nchi za theluji.

Mkazi wa Kisumu

Mbona mimi natembea bila themostati na sijaona taabu yoyote?

Fundi, Kisumu

Wewe, mwenzangu, uko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, na hita yako pengine hujaiwasha tangu ununue gari, kwa hiyo huwezi kuona taabu. Themostati ni mlango. Hufungwa injini ikiwa baridi ili maji yazunguke ndani yake tu, kisha hufunguka yakifika kama nyuzi 82. Ikitolewa, maji hupita kwenye rejeta kubwa wakati wote, na upepo wa alfajiri huyapoza kabla hayajashika moto. Kompyuta ya gari nayo, ikidhani injini ndiyo kwanza imewashwa, huendelea kumwaga petroli ya ziada. Huyu ndugu bila shaka amekuwa akinunua mafuta mengi kuliko zamani.

Nunua themostati mpya na gasketi yake. Iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uhakikishe inafunguka karibu na kiwango kilichoandikwa juu yake. Unapoipachika kwenye injini, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae upande wa juu ili hewa ipate pa kutokea. Jaza kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, wala si maji ya mfereji, kisha uache injini iungurume kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, hita ikiwa kwenye joto la juu kabisa, hadi mapovu yaishe.

Mwenye gari, Nakuru

Narudi na majibu. Themostati ilifungwa Jumamosi, na dashibodi haikuguswa. Taa ya buluu sasa huzimika kabla sijatoka mjini, na alfajiri ya jana tulipofika Timboroa mama aliniomba nipunguze hita.

Lakini lipo jambo linalonisumbua: kilichoichemsha injini mwaka jana hakikuwahi kutafutwa.

Fundi, Kisumu

Hilo ndilo nililotaka kukuuliza. Tazama kama feni ya rejeta inawaka gari likiwa limesimama, na kama kuna alama za maji yaliyokauka chini ya pampu. Ukikuta chochote, andika hapa kabla ya safari ya mwezi ujao.