Vidonda vya utumbo mpana: matunda nile au niache?

Binti_Michungwani
Wakubwa shikamooni. Naishi Muheza, nina watoto wawili. Mwaka jana nilianza kuharisha damu na kamasi, mara nane mpaka kumi kwa siku. Nimetibiwa amiba mara tatu na taifodi mara mbili, hadi kipimo cha kamera kikaonyesha ni vidonda vya utumbo mpana, vile vya kinga ya mwili kuushambulia utumbo wake yenyewe. Natumia mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, na damu imekata tangu Agosti.

Siku ile niliambiwa "acha matunda", basi, bila maelezo. Jamani, nyumba yetu imezungukwa na michungwa aliyoipanda marehemu baba. Watoto wanamenya, mimi natazama. Juzi nimeshindwa kujizuia, nikala chungwa moja na kipande cha papai, tumbo likatulia. Kesho yake nikala mapera mawili, usiku kucha nikawa chooni, ila damu sikuiona. Matunda yanarudisha vidonda, au yanachokoza tumbo tu?

Mpemba_wa_Wete
Pole sana dada. Mimi nina Crohn, ugonjwa wa utumbo ulio ndugu na huo wako, mwaka wa sita sasa, na utumbo wangu mwembamba una mahali pamebana. Chungwa nafyonza maji, makapi natema. Embe nasaga na kuchuja nyuzi. Niliwahi kulishindilia fenesi harusini, utumbo ukaziba, nikalazwa siku nne na mpira puani. Lakini usijipime kwangu. Uliza kwanza kama kamera ilikuta kwako pamebana.

Afisa_Lishe
Matunda hayaleti vidonda, na mtu asiye na mahali palipobana hana sababu ya kuyaacha moja kwa moja ugonjwa ukiwa umetulia. Nyuzinyuzi za tunda zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Kuna utafiti wa wauguzi wanawake 170,776 Marekani, waliofuatiliwa miaka 26, ukatolewa 2013: waliokula nyuzinyuzi nyingi, hasa za matunda, walipata Crohn kwa uchache. Kwa vidonda vya utumbo mpana tofauti hiyo haikuonekana, kwa hiyo nakusihi usije ukaacha mesalazini kwa kutegemea papai.

Pera lina mbegu ngumu, zile hazisagiki. Damu ikirudi, baki na ndizi mbivu na papai, vyote kidogo kidogo. Embe na tikiti weka kando kwanza, sukari yake hujaza gesi. Na kwa damu uliyopoteza, chungwa pamoja na maharage ni jambo jema, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Umepima wingi wa damu karibuni?

Binti_Michungwani
Sijapima tangu nitoke wodini. Kliniki ni Jumatatu, nitaomba kipimo hicho na nitauliza habari ya kubana. Kaka wa Wete, pole kwa mpira, nimesoma nikalia. Leo nimekula chungwa moja na wanangu barazani, mbegu na makapi nimetema.