Tupeane uzoefu: moto, kahawa na ushairi jangwani Oman

#1
Wakuu, baridi ikianza familia nyingi za miji ya Ibra na Sur hutoka kulala kwenye mchanga wa Wahiba. Wanaojua vikao vya usiku vya Mabedui watupe maelezo ya kufanyia kazi.

#2
Moto kwanza. Kuni bora ni za samr, jamii ya mgunga: nzito, makaa yanadumu. Okota zilizokauka zikadondoka. Mti wa ghaf usiuguse, ndio kivuli na malisho ya ngamia.

Moto uwe mdogo. Ukiwa mkubwa watu wanarudi nyuma, duara linapanuka, msimuliaji inabidi apaze sauti na utamu unaondoka, maana mahali pazito pa hadithi husemwa kwa sauti ya chini.

Kuzima, msifukie makaa. Mchanga unashika joto saa nyingi na juu huoni kitu. Mtoto akipita peku anaungua. Mwaga maji, koroga, mwaga tena.

#3
Bila kahawa kikao hakijakaa. Buni ikaangwe hadi kahawia hafifu, isiwe nyeusi, kisha itwangwe chengachenga. Maji nusu lita, buni vijiko vitatu vya kula, chemsha moto mdogo dakika 10 hivi. Epua itulie, ndipo umimine kwenye dele (birika la kahawa) lenye kijiko kimoja cha iliki iliyopondwa. Iliki ikichemka mno harufu inapotea. Sukari haitiwi, kuna tende.

Dele mkono wa kushoto, kikombe wa kulia. Mimina robo tu. Ukijaza, mgeni ataelewa anaambiwa anywe aondoke. Akitosheka anakitikisa kikombe. Asipotikisa, endelea kummiminia.

#4
Mkuu hapo juu kamaliza. Upande wa ushairi ipo taghrooda, iliyoorodheshwa na UNESCO kama urithi wa utamaduni mwaka 2012 kwa Oman na Falme za Kiarabu. Asili yake ni kuimbwa mgongoni mwa ngamia, safarini, lakini huimbwa pia kando ya moto. Hutungwa papo hapo, haizidi mistari saba. Gawaneni makundi mawili: kiongozi anatoa mstari, kundi la pili linaupokea. Kosa kubwa ni waitikiaji kuharakisha. Mwendo ni wa ngamia, na wakati anaitikiwa ndipo mtungaji anapotafuta mstari unaofuata. Mkimkimbiza, anakwama.

#5
Nyongeza: wanawake nao hutunga taghrooda, hasa kwenye kazi za pamoja. Msiwasahau mnapogawana makundi.