Fundi amenibadilishia diski ya PS4 na ananiambia mashine ililetwa hivyo

Wadau, nina hasira na sitazificha.

Wiki tatu zilizopita nilipeleka PS4 yangu, mashine ya gemu, kwa fundi mmoja huko Luthuli, hapa Nairobi. Shida yenyewe ilikuwa joto tu. Nikicheza WipEout Omega Collection, gemu ya mbio za vyombo vinavyoelea hewani, dakika kumi hivi, feni inavuma kama posho mill, halafu mashine inajizima katikati ya mbio. Dawa yake inajulikana: kufungua, kupuliza vumbi, kupaka pesti mpya juu ya prosesa, kufunga. Akasema shilingi 2,500, nikatuma kwa M-Pesa nikiwa nimesimama pale pale kaunta. "Kuja kesho jioni, bosi." Hiyo kesho ilichukua siku tisa.

Nimefika nayo nyumbani Umoja, nimewasha, feni kimya kabisa. Nikafurahi. Kisha ikatokea ile skrini ya mashine mpya inayokuuliza uchague lugha. Akaunti yangu haipo, gemu hazipo. Kuangalia nafasi, diski ya ndani inayohifadhi gemu na data ni ya GB 500. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, niliweka ya TB 1!

Nikazima, nikavuta kile kifuniko kinachong'aa upande wa kushoto. Mwenye PS4 za kwanza anajua kilichomo: skrubu moja inayoshikilia diski, na kichwani imechorwa zile alama nne za pedi ya kuchezea, pembetatu, duara, msalaba na mraba. Yangu haipo. Pale kumekazwa skrubu ya kawaida, nyeusi, kichwa kimelika kwa bisibisi isiyoitosha. Niliimulika kwa tochi ya simu nikahisi mikono inatetemeka.

Si hayo tu. Nikaingiza CD ya WipEout. Inavutwa ndani, inazunguka kidogo, mashine inasema haiitambui. Nikaipeleka kwa jirani wa mlango wa tatu, kwake inacheza vizuri tu. Kwa wasiojua: kile kisomaji cha CD kina bodi yake ndogo ambayo tangu kiwandani imeoanishwa na bodi kuu ya mashine hiyo hiyo. Ukileta bodi ndogo ya mashine nyingine, gemu za CD hazisomeki tena. Mtu anayefungua PS4 kila siku hawezi kuniambia hilo halijui.

Mtu asije hapa kuniambia eti ni gemu tu. WipEout ilianza 1995, watoto wa PlayStation ya kwanza wanaikumbuka. Studio ya Liverpool iliyoiunda ilifungwa 2012, na Omega ya 2017 imekusanya gemu tatu za WipEout, yaani HD, Fury na 2048, kwa CD moja. Mimi naendesha Assegai, timu inayotoka Afrika, na sijawahi kuibadilisha. Nimepanda ngazi za kasi, Venom, Flash, Rapier hadi Phantom, ambako usipobana breki ya hewa mapema kwa vitufe vya L2 au R2 umekula ukuta kabla hujaiona kona. Kwenye Zone, ile aina ya mchezo wa kuvumilia kasi, ndiko nilikotoa jasho. Mafuta hushiki wewe, chombo kinaongeza kasi chenyewe bila huruma, na kila ukigonga ukuta nguvu inapungua mpaka kilipuke. Rekodi zangu za miaka miwili zilikuwa kwenye ile diski. Na za mdogo wangu, ambaye tulikuwa tukigawana skrini naye kila Jumapili.

Halafu kinachoniuma zaidi: PS4 hufunga data ya diski kwa mashine yake. Kuitumia kwingine lazima uifute kwanza. Kwa hiyo jamaa amefuta kila kitu changu ili apate nafasi ya kuuza!

Najua kuna atakayeuliza kwa nini sikuhifadhi mtandaoni. Huduma hiyo ni ya kulipia, na Kenya haimo hata kwenye orodha ya nchi unapofungua akaunti. Ya kwangu inasoma Uingereza, naongeza pesa kwa kadi za kununua. Mwezi ule sikuwa nimelipia. Je, hilo linampa mtu ruhusa ya kuniibia?

Nimempigia. "Kaka, hiyo mashine uliileta hivyo hivyo." Nikamwambia kasha la diski yangu ninalo, lina namba ya seriali na risiti iko ndani. Akakata simu. Tangu hapo hashiki.

Duka silitaji bado, kwa sababu Jumamosi saa nne asubuhi naenda pale na kasha langu, risiti, ujumbe wa M-Pesa na picha za ile skrubu. Nataka diski yangu na bodi yangu ndogo, hizo hizo, si za kufanana. Akikataa, nitatoka hapo moja kwa moja hadi kituo cha polisi.

Aliyewahi kuandikisha kesi ya namna hii hapa Nairobi aniambie, kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi) wanaandika kama wizi au wanakurudisha mkaelewane? Na kama kuna fundi anayeweza kuniandikia kwa karatasi kwamba hii bodi si ya mashine hii, nitamlipa kazi yake kabla ya Jumamosi.