Filamu ya mapenzi yenye mzimu: trela iwe ya kutisha au ya mapenzi?

Mkataji_Picha
Wadau, naomba ushauri. Nimemaliza kuhariri filamu ya dakika 40 kuhusu mjane anayerudiwa na mzimu wa mumewe. Kiini chake ni mapenzi. Sehemu za kuogofya hazifiki dakika tano. Nimekata trela mbili. Ya kwanza ni ya kutisha: kimya, mlango unafunguka polepole, kishindo, giza. Ya pili ni ya mapenzi: kinanda, mikono imeshikana, mwanga wa asubuhi. Niliowaonyesha waliruka kwa mshtuko walipoona ile ya kwanza. Ya pili waliitazama tu, wakanirudishia simu. Nitoe ipi?

SikioLaTatu
Ya kutisha, mkuu. Hakuna aina ya filamu inayotambulika upesi kama hiyo, na sauti peke yake inatosha. Fumba macho usikilize: muziki ukikatika ghafla, mwili wako unajua kinachokuja. Trela ya Alien, filamu ya kutisha ya 1979 kuhusu kiumbe wa anga za juu, haina mazungumzo kabisa. Yai linapasuka, king'ora kinalia, watu wanakimbia, basi, umeshajua unaenda kutazama nini. Mapenzi yanataka tuwajue wahusika kwanza, na dakika mbili hazitoshi.

Kiti_cha_Nyuma
Kuhusu sauti uko sahihi, ila ushauri wako utamponza. Kasema mwenyewe dakika tano. Aliyekuja kutetemeka atakaa dakika 35 akisubiri, halafu atoke na hasira, na hasira hizo ataziandika. Mwaka 2011 kuna mtazamaji Marekani aliyefungua kesi kwa sababu trela ya Drive ilimfanya ategemee filamu ya mbio za magari, akakuta kitu kingine. Sidhani hayo ni mambo ya mahakamani, lakini uchungu wake naujua. Trela ni ahadi.

Mhariri_wa_Usiku
Kabla hujachagua, tafuta ile trela ya utani iliyosambaa mtandaoni 2005. Mhariri alichukua The Shining, filamu ya kutisha ya 1980, akaikata upya ionekane kichekesho kitamu cha familia: mwandishi aliyekwama na mtoto anayehitaji baba. Hakupiga picha hata moja mpya. Alibadili muziki, akaweka msimulizi mchangamfu, akapanga vipande upya. Nyuso zilezile zilizotutisha zikawa za upole.

Kwa hiyo picha zako hazina kosa, ndugu. Trela ya pili imepoa kwa sababu umechukua alama za mapenzi zinazotumiwa na kila mtu na hukuacha swali lolote. Mtazamaji akishaitambua aina, anataka kitu kimoja kisichokaa sawa ndani yake. Anza na kinanda chako. Ikifika sekunde ya 50, tuonyeshe meza yenye vikombe viwili vya chai, vyote vinafuka moshi, na mwanamke yuko peke yake. Usikate muziki! Ukiukata umerudi kwenye kishindo. Uache uendelee kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mtazamaji_wa_Jioni
Mimi siyo fundi, ni mtazamaji tu. Trela za kishindo cha mwisho nimezizoea kiasi kwamba nahesabu: moja, mbili, paa! Hivyo vikombe viwili vingenitoa nyumbani.

SikioLaTatu
Nakubali nusu. Alama za aina moja zinaweza kubeba hadithi ya aina nyingine bila kumdanganya mtu. Trela ya The Social Network, filamu ya 2010 kuhusu kuanzishwa kwa Facebook, iliweka kwaya juu ya habari za vijana wa kompyuta, na ugomvi wao ukawa mzito kama msiba. Lakini kinanda kitupu bado kinanitia wasiwasi. Mwishoni punguza kasi yake kidogo, kidogo sana, sikio lihisi kabla ya jicho.

Kiti_cha_Nyuma
Hapo sasa tunaelewana. Aliyekuja kwa mapenzi atapata mapenzi, na wa mzimu naye hajanyimwa.

Mkataji_Picha
Asanteni sana. Nimepekua picha zote usiku huu. Vikombe sikupiga. Nilichonacho ni viatu vya kiume mlangoni, vimelowa, na nje jua linawaka. Vinakaa sekunde nne. Niviweke kabla ya jina la filamu au baada yake?

Mhariri_wa_Usiku
Baada. Na sekunde zote nne ziache.