Hita ya gesi kwenye karavani inawaka kisha inazima

Wadau, hita ya maji ya karavani, lita 22, volti 12. Inapiga spaki, moto unashika, halafu baada ya sekunde saba hivi unazima. Ikijaribu mara tatu, taa nyekundu inawaka. Mtungi wa kilo 13 umejaa. Nianzie wapi hapa Nairobi kabla sijanunua bodi (saketi ya umeme inayoongoza hita)?

Fundi_Gesi: Bodi usinunue bado. Moto ukishika, gesi ipo na spaki ipo. Kinachokosekana ni ishara ya kuiambia bodi kwamba moto umewaka. Funga mtungi, zima umeme, acha ipoe. Toa elektrodi (kijiti cha chuma kinachotoa spaki na kuhisi moto), sugua ncha kwa msasa laini hadi ing'ae, irudishe ikae ndani ya mwali, pengo la spaki milimita 3. Kisha fungua skrubu ya waya wa ethi (unaounga hita na chuma cha karavani, ishara hiyo hurudi kupitia hapo), ondoa kutu, kaza. Ethi ndiyo husumbua zaidi.

Mama_Safari: Pima pia volti kwenye hita yenyewe inapopiga spaki, si kwenye betri. Zikishuka chini ya 10.5, bodi hukata gesi. Mwali wa njano unaoyumba? Bomba la bana (kichomea gesi) lina utando wa buibui. Lisafishe kwa brashi ndefu.

Muulizaji: Skrubu ya ethi ilikuwa imeliwa na kutu. Sasa mwali ni wa buluu na haukatiki. Asanteni sana.

Fundi_Gesi: Vizuri. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote uone kama gesi inavuja.