Naomba ushauri: kipimo cha Lucas-Lehmer kinakwama kwenye 2^61 − 1

Wakuu, naomba msaada. Programu inaanza na 4, kila hatua inazidisha namba kwa yenyewe, inatoa 2, kisha inachukua baki baada ya kugawa kwa M = 2^p − 1. Baada ya hatua p − 2 baki likiwa 0, M ni namba tasa.

Kwa p = 7 inatoka sawasawa: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Kwa p = 11 inaishia 1736, na ni sahihi, maana 2047 = 23 × 89. Hata p = 31 inapita. Ila p = 61, ambayo ni tasa bila ubishi, haifiki 0 baada ya hatua 59.

Shaka yangu ni kufurika: mraba unaweza kufika biti 122, na kisanduku cha kuhifadhia namba kwenye programu kina biti 64 tu. Kwa p = 31 mraba haukuzidi biti 62, ndiyo maana kosa lilijificha.

Nafikiria kuandika s = a·2^31 + b. Kwa kuwa 2^61 huacha baki 1, mraba unakuwa 2a² + ab·2^32 + b², na kuzidisha kwa 2^32 ni kuzungusha biti 61 tu. Jumla haifiki 2^63. (Jibu likitoka M kamili, lihesabiwe 0, hapo wengi huteleza.)

Je, njia hii inatosha, au nihamie namba za biti 128 moja kwa moja? Lengo linalofuata ni p = 89.